Lugha ya Kuipa Mashine Nia

Wacheza bao hapa Bungu, Korogwe, hawasemi kila hatua. Wanasema tu, linda nyumba. Nia kwanza. Mwaka 1987 mwanafalsafa Michael Bratman alieleza kuwa nia siyo tamaa tu, ni mpango unaomfunga mtu. Mwaka 1996 Anand Rao akaitungia fikra hiyo lugha ya programu, AgentSpeak. Baadaye ikazaa Jason. Kwa Java, mchezaji wa kompyuta unampangia hatua mwenyewe. Kwa Jason unamwandikia lengo na mazingira ya kulifuata, basi. Ila akiboronga, kutambua ni mpango upi uliompotosha ni kazi kweli kweli. Mcheza bao ukimuuliza kwa nini, anajibu. Mimi lugha ya programu naipima hapo: je, mashine nayo itajibu?