Kiashiria si Chanzo: Damu, Haiba na Uraibu

Tangu miaka ya 1970 watafiti wamekuwa wakitafuta ndani ya damu kiashiria cha kumtambua mtu aliye hatarini kupata uraibu au tatizo la haiba. Makala haya yanadai kuwa kiashiria cha namna hiyo hakitabiri chochote mpaka ijulikane kama kiliitangulia tabia au kiliifuata. Hata kile kilichotangulia hakieleweki kikitengwa na jamii anamoishi mhusika.

Tuchukue monoamini oksidesi, kimeng'enya kinachovunja dopamini na kemikali nyingine zinazopitisha ujumbe baina ya seli za ubongo. Kwa kuwa si rahisi kuchukua sampuli ya ubongo wa mtu aliye hai, kilipimwa katika chembe zinazogandisha damu. Mwaka 1976, Monte Buchsbaum na wenzake waliripoti kwamba vijana wa kiume wa chuo nchini Marekani waliokuwa na kiwango cha chini cha kimeng'enya hicho walitafuta ushauri wa kisaikolojia na kuingia matatani na sheria zaidi ya wenzao. Katika miaka ya 1980, Lars von Knorring na Lars Oreland wa Sweden walikihusisha kiwango hicho na ulevi unaoanza ujanani na kuandamana na ukorofi. Wengi waliamini kuwa udhaifu wa kurithi sasa umepata kipimo.

Sigara iliitia doa imani hiyo. Mwaka 1996, Joanna Fowler na wenzake wa Maabara ya Brookhaven, New York, walionyesha kwamba aina B ya kimeng'enya hicho, ambayo ndiyo iliyomo katika chembe hizo za damu, ilikuwa pungufu kwa asilimia 40 hivi katika ubongo wa wavutaji. Walioacha kuvuta hawakuwa na upungufu huo. Walevi wengi ni wavutaji, na vivyo hivyo watu wengi wenye haiba ya kukiuka kanuni za jamii. Basi sehemu kubwa ya kilichodhaniwa kuwa mbegu ya uraibu yaelekea ilikuwa zao la uraibu mwingine.

Huenda mtu akajibu: tupime jeni basi, kwa maana mfuatano wake haubadilishwi na moshi. Japani inatoa funzo. Huko watu wengi wamerithi namna ya jeni ya ALDH2 inayochelewesha kuvunjwa kwa asetaldehaidi, sumu inayotokana na pombe mwilini. Wakinywa pombe, uso huwaiva na moyo huwaenda mbio, hivyo wengi hujizuia. Hata hivyo, Susumu Higuchi na wenzake waligundua kwamba waliorithi nakala moja ya namna hiyo ya jeni walikuwa asilimia 2.5 ya walevi waliochunguzwa mwaka 1979, asilimia 8 mwaka 1986, na asilimia 13 mwaka 1992. Miaka 13 haitoshi kubadili jeni za taifa. Mazingira ya unywaji ndiyo yaliyobadilika, na kinga ikapungua nguvu.

Kwa hiyo, utafiti unaotaka kuunganisha damu na haiba hauna budi kuwafuatilia watu tangu kabla hawajaanza kuvuta au kunywa, na kupima mazingira yao kwa umakini uleule unaotumika maabara. Bila hayo, mgonjwa asibandikwe jina la kudumu kwa sababu ya kiwango kinachoweza kupanda akiacha sigara.