Meza ya Kahawa Ofisini

Wanafunzi wengi hudhani kuwa historia ni habari za vita, mikataba na majina ya watawala. Katika miaka niliyofundisha chuo cha ualimu niliwahimiza wanachuo wangu watazame pia vitu vilivyo mezani kwao, kwa kuwa kila chombo kina asili yake, na aghalabu kinaeleza nani aliagiza, nani alitumikia na nani aliketi. Katika insha hii nataka kuizungumzia meza ya kahawa ya ofisini: vyombo vyake vimetoka wapi, na kwa nini kuviongeza si jambo dogo kama linavyoonekana.

Tuanze na kinywaji chenyewe. Asili ya mbuni ni misitu ya Ethiopia, lakini habari za uhakika za watu kunywa kahawa zinatoka Yemen katika karne ya 15, ambako masufi waliinywa wasije wakasinzia katika ibada za usiku. Haikuchukua muda mrefu ikatoka katika ibada ikaingia barazani, na hapo ndipo wakubwa walipoanza kuiogopa. Mwaka 1511 gavana wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku. Huko Uingereza, nyumba ya kwanza ya kahawa ya London ilifunguliwa mwaka 1652. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, Desemba 1675, Mfalme Charles wa Pili alitangaza kwamba nyumba zote za namna hiyo zifungwe. Malalamiko yakawa mengi hata akalitangua tangazo lake kabla siku ya kulitekeleza haijafika. Watawala hawa hawakuwa na ugomvi na mbegu iliyokaangwa. Walichokihofia ni meza ambapo mtu yeyote mwenye senti yake aliweza kuketi na kusema.

Kwetu pwani jambo hili linajulikana bila kusomwa vitabuni. Muuza kahawa hupita na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe ili watu wajue amefika. Kahawa ni tungu, kikombe ni kidogo, kashata iko kando. Barazani tajiri na mchukuzi hunywa kwa vikombe vya aina moja, na habari za mji huzungumzwa hapo kabla hazijafika ofisini.

Kule Kagera, Wahaya walikuwa na kahawa yao kabla ya mkoloni hajafika. Hawakuinywa, bali waliitafuna. Matunda yalichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakaanikwa, kisha akapewa mgeni kama ishara ya kumkaribisha. Kwa kuwa tunda moja lina mbegu mbili, watu waliochanjiana udugu waligawana mbegu hizo zikiwa zimepakwa damu yao. Sijui ishara iliyo bora kuliko hiyo ya kuonyesha kwamba kahawa ni kitu cha watu wawili na zaidi.

Mambo yalibadilika kahawa ilipokuwa zao la biashara. Wamisionari wa Kikatoliki waliipanda Kilema, Kilimanjaro, mwishoni mwa karne ya 19. Wachaga waliishika kwa nguvu, wakaunda chama chao cha wakulima mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama Kikuu cha KNCU. Fedha za kahawa zilisomesha watoto wengi wa milimani, na baadhi yao wakawa walimu wenzangu. Hata hivyo, mkulima alifundishwa kuchuma, kumenya, kuosha, kuanika na kuuza. Kunywa hakukuwamo katika somo hilo. Nyumbani alikunywa chai.

Chuo nilichokiongoza kilikuwa katika milima ya Rungwe, mahali penye mvua na baridi, ambapo kinywaji cha moto si anasa. Mashamba ya chai yalionekana kutoka dirishani, na migomba ya majirani ilikuwa imechanganyika na mibuni. Lakini nilipokabidhiwa chuo hicho mwishoni mwa miaka ya 1980, kahawa iliyokuwa katika ofisi ya walimu ilikuwa kopo moja la kahawa ya unga lililotoka Ulaya, nalo lilifungiwa kabatini kwa ajili ya wageni, ingawa kiwanda cha Bukoba kilikuwa kikitengeneza kahawa ya namna hiyo hiyo hapa nchini. Wakufunzi walikunywa chai. Mhudumu wetu, mama wa makamo ambaye sote tulimwita Mama, aliibeba katika birika kubwa kutoka jikoni, hatua zipatazo themanini, mvua ikinyesha. Alipofika ilikuwa vuguvugu. Vikombe vya udongo vyenye visahani vilikuwa vya mkuu na wageni. Vya plastiki vilikuwa vya wakufunzi. Watumishi wengine hawakuwa na kikombe.

Miaka ile mishahara ilichelewa mara kwa mara. Mkufunzi akimaliza kipindi alikwenda moja kwa moja shambani kwake au kwenye kuku wake, na hapakuwa na wa kumlaumu. Vikao vya masomo vilikuwa vimekufa. Niliona kwamba hotuba yangu isingewarudisha, ila labda kitu cha moto kingeweza. Basi tukachanga fedha kidogo kidogo, tukaiboresha ile meza.

Kwanza tulinunua chupa mbili kubwa za chai. Chombo hiki kilibuniwa mwaka 1892 na mwanasayansi wa Scotland, James Dewar, ambaye hakuwa na haja ya chai. Alitaka kuhifadhi gesi zilizopozwa mpaka zikawa maji. Hakujiandikishia haki ya ubunifu wake, na mafundi wa Ujerumani waliouingiza sokoni kuanzia mwaka 1904 ndio waliofaidika. Kwetu sisi chupa hizo zilimwondolea Mama safari tatu za jikoni kila asubuhi.

Pili, tulipata kinu kidogo cha kuzungusha kwa mkono, tukanunua kahawa ya majirani, nayo ikakaangwa jikoni kwetu. Tatu, idara ya sayansikimu ilishona vichujio vya kitambaa. Hapo niliwasimulia wenzangu habari za Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa Dresden, aliyechukizwa na machicha katika kikombe chake. Alitoboa chombo cha shaba nyeupe, akatandika ndani yake karatasi ya kunyonyea wino iliyotoka katika daftari la mwanawe, na mwaka 1908 akapata hati ya ubunifu. Walimu tuliokulia katika kalamu za kuchovya tulifurahi kusikia kwamba karatasi ile iliwahi kufanya kazi nyingine. Mwisho tukaongeza sinia, kopo la sukari lenye kifuniko, kijiko cha kupimia, daftari la michango, na ubao wenye misumari ya kutundikia vikombe.

Ubao huo ndio ulioleta mjadala. Wakufunzi tulikuwa kumi na wanane, na watumishi wengine saba. Je, misumari iwe kumi na minane au ishirini na mitano? Suala likaletwa kikaoni. Mkufunzi mmoja alisema, "Ndugu Mkuu, tukiwatundikia watumishi vikombe leo, kesho tutatakiwa tuwachemshie." Mzee wetu wa kilimo, ambaye hakuwa msemaji, akamjibu, "Na tukiwachemshia, kuna ubaya gani, mwalimu? Kahawa hii imechumwa na shemeji zake Mama." Tulipiga kura, na misumari ishirini na mitano ikashinda kwa kura mbili. Wenzetu wawili walikunywa chai ofisini mwao tangu siku hiyo. Mmoja alirudi mezani baada ya muhula mmoja. Mwingine hakurudi mpaka alipohamishwa.

Msomaji ataniuliza faida yake ni nini. Nitamjibu kwa jambo moja. Mwaka uliofuata wanachuo wetu walikuwa katika mazoezi ya kufundisha, na waliopangwa shule moja ya ng'ambo ya mto walikuwa wakipata alama mbaya. Taarifa zilisema kuwa wanafunzi hawahudhurii masomo yao, na tulikuwa tukijadili mezani kama wanachuo wale wanafaa kuendelea. Mama, akiwa na kikombe chake mkononi, akasema taratibu, "Walimu wangu, watoto wa upande huu hawavuki. Daraja la miti lilichukuliwa na maji tangu mwezi uliopita. Wajukuu zangu wako nyumbani." Tulinyamaza. Asubuhi ya pili tulikwenda kuona, tukakuta ni kweli. Alama zile zilifutwa, wanachuo wakahamishiwa shule nyingine, nasi tukaandika barua wilayani kuhusu daraja. Wanachuo watano wangeweza kupoteza kazi ya maisha yao kwa habari ambayo mhudumu wetu alikuwa nayo wakati wote. Kama angekuwa akileta birika na kuondoka, angeisema wapi?

Siku hizi nikitembelea maofisi huona vifaa vizuri zaidi: majagi ya umeme, mashine zinazosaga na kuchuja zenyewe, na nyingine zinazotoa kikombe kimoja kwa vidonge vya kahawa vilivyofungwa. Sivipingi. Anayetaka kuiboresha meza ya ofisi yake namshauri aanze na vitu vichache vya maana. Apate kinu, kwa kuwa kahawa iliyosagwa jana imekwisha kupoteza sehemu ya harufu yake. Apate kichujio kinachofulika, chupa inayotunza moto, na kijiko cha kupimia ili asiwepo wa kulalamika kwamba leo ni nyepesi. Apate pia daftari la michango lililo wazi kwa wote, maana sukari imevunja urafiki mwingi kuliko siasa.

Ila kabla ya kununua chochote ajiulize maswali mawili. Kifaa hiki kinampunguzia nani kazi? Na kikishawekwa, ni nani atakayeketi hapa ambaye jana hakuketi? Nimeona mashine ya bei kubwa mbele ya ukuta mtupu, bila kiti hata kimoja; kila mtu alibonyeza, akachukua kikombe chake, akarudi chumbani mwake akafunga mlango. Kahawa ilikuwa nzuri kuliko yetu ya Rungwe. Lakini mfagizi alipita na ndoo yake, wala hakuna aliyemwuliza habari za nyumbani.