Taifa Lililotazama kwa Masikio

Historia ya kandanda nchini mwetu huandikwa kwa mabao na vikombe. Lakini iko historia nyingine isiyohifadhiwa kabatini, nayo ni ya watazamaji ambao hawakuona kitu kwa macho yao.

Mwezi wa Agosti, 1979, Taifa Stars ilikwenda Ndola kurudiana na Zambia, baada ya kuishinda Dar es Salaam kwa bao 1–0. Peter Tino alisawazisha, mchezo ukaisha 1–1, na kwa mara ya kwanza Tanzania ikaingia katika fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, zilizokuwa na timu nane tu. Nchi ilikuwa imetoka vitani na majeshi ya Idi Amin, na bidhaa zilikuwa haba.

Fainali zilichezwa Nigeria mwezi wa Machi, 1980. Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Ilianza kuipata mwaka 1994. Basi watu wa Temeke na Kinondoni waliifuata timu yao kwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Saa za Lagos ziko nyuma ya zetu kwa saa mbili, hivyo jua la alasiri kule lilikuwa jioni kwetu. Penye redio moja barazani, wapangaji wa nyumba nzima walikusanyika, na majirani wakaongezeka.

Mtangazaji alikuwa macho ya wote. Hakuwa na budi kueleza mpira uko upande gani, nani anao, na lango li mbali kiasi gani. Msikilizaji naye aliuchora uwanja moyoni mwake. Je, huu si uhusiano ule ule wa fanani na hadhira yake tunaoufundisha katika fasihi simulizi? Hata mahasimu wa Simba na Yanga walikaa benchi moja, wakisema kwa kauli moja: "vijana wetu".

Tulifungwa 3–1 na Nigeria, ambayo ndiyo iliyotwaa kombe; tukafungwa 2–1 na Misri; tukatoka sare ya 1–1 na Ivory Coast. Juma Mkambi alifunga bao moja, Thuwein Ally mawili. Mwenye kuhesabu alama ataona moja tu. Aliyekuwapo barazani atahesabu vingine.

Tulingoja miaka 39 kurudi katika fainali hizo, mwaka 2019 huko Misri. Agosti 2025, Tanzania, Kenya na Uganda ziliandaa pamoja michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani. Katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, papo hapo Temeke, watoto na wajukuu wa wasikilizaji wale waliiona kwa macho timu yao ikifika robo fainali, ilipofungwa 1–0 na Morocco.

Mabao yale yameandikwa vitabuni. Jioni zile za barazani zimo vifuani mwa wazee, nao wanapungua. Mwanafunzi na achukue daftari, aende akawaulize mapema.