Timu Ikishindwa, Nani Hubaki? Habari za Mashabiki wa Abaluhya na AFC Leopards

Kila mwaka katika kitabu hiki wanachama na wazee wetu husoma hesabu ya ada zilizolipwa, misiba iliyosaidiwa na karo zilizochangwa. Hesabu hizo ni za lazima, maana chama kisichohesabu hakikawii kuibiwa. Lakini liko jambo moja lisiloweza kuandikwa katika daftari ya mweka hazina, nalo ni uaminifu wa mtu anayebaki na wenzake wakati wa kushindwa. Tumeona vema kulieleza jambo hilo mwaka huu kwa njia ya historia ya kandanda, kwa kuwa baadhi ya timu kubwa za nchi yetu zilikua katika udugu ule ule uliozaa vyama vya kusaidiana kama hiki chetu.

Wazee watakumbuka jinsi maisha ya mji yalivyokuwa. Kijana aliyetoka magharibi ya nchi akafika Nairobi kutafuta kazi hakuwa na shamba, wala hakuwa na mzee wa ukoo wa kumwamulia shauri. Alichokuwa nacho ni watu wa lokesheni yake. Hao walimpokea, wakamwonyesha pa kulala, na akifa wakamchangia nauli ya jeneza. Jumapili, watu hao hao walikuwa na timu yao. Basi timu za Waluhya zilikuwa nyingi, nazo zilichukua majina ya nyumbani, kama vile Marama, Samia na Bunyore. Kuishangilia timu kulikuwa ni namna ya kusema, "Mimi nina kwetu, na hawa ni ndugu zangu."

Ligi ya taifa ilianza mwaka 1963, na Nakuru All Stars ndio waliokuwa mabingwa wa kwanza. Mwaka wa pili ubingwa ulichukuliwa na Luo Union. Katika mwaka huo wa 1964 timu nyingi ndogo za Waluhya ziliungana, ikazaliwa Abaluhya. Haikuwa kazi nyepesi kumwambia mtu aliyezoea kushindana na jirani yake wa lokesheni ya pili kwamba sasa wote watavaa jezi moja. Hata hivyo umoja ulizaa matunda upesi, kwani Abaluhya walitwaa ubingwa mwaka 1966, wakautwaa tena mwaka 1967. Ndio wakati wa Bwana Joe Kadenge, aliyefariki mwaka 2019, ambaye jina lake mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alilifanya liwe msemo katika redio: "Kadenge na mpira." Hata watu ambao hawakupata kuuona uwanja wa Nairobi kwa macho yao waliusema msemo huo.

Mwaka 1968 Waluo nao waliunganisha nguvu zao, ikazaliwa Gor Mahia. Kuanzia hapo yakawako mashindano ambayo hata leo huitwa ya mashemeji, na jina hilo linafaa sana. Waluhya na Waluo ni majirani, huoana na kuzikana. Shemeji hutaniwa, tena hutaniwa sana, lakini hapigwi. Siku ya mchezo huo nusu ya uwanja huwa rangi ya buluu na nyeupe, na nusu ya pili kijani. Upande wa buluu ngoma za isukuti hulia tangu kabla ya refa kupiga filimbi. Ngoma hiyo ni ya Waisukha na Waidakho, nayo huchezwa katika arusi na hata katika matanga. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Mtu asiyejua matokeo, akisikia isukuti kutoka nje ya ukuta, hawezi kutambua kama timu inashinda au inashindwa, maana mdundo ni ule ule.

Mwaka 1979 Abaluhya walichukua kombe la vilabu vya Afrika ya Mashariki na Kati. Mwaka uliofuata, 1980, serikali iliamua kwamba vyama vya kikabila vivunjwe, na vilabu viache majina ya makabila. Abaluhya wakawa AFC Leopards. Yafaa wanachama wapime jambo hilo kwa makini. Vyama vikubwa vilivyokuwa na ofisi, mihuri na wenyeviti vilifungwa, lakini timu iliendelea kuishi kwa jina jipya. Watu waliita "Ingwe", yaani chui kwa lugha ya nyumbani, wakalipa kiingilio kama zamani. Miaka ya 1980, 1981 na 1982 timu ilikuwa bingwa wa nchi mfululizo, na kombe la Afrika ya Mashariki na Kati likaja nyumbani mwaka 1982, 1983 na 1984.

Kuipenda timu ya namna hiyo hakukuwa na ugumu wowote. Ugumu ulikuja baadaye. Ubingwa wa ligi wa mwaka 1998 ulifuatwa na ukame uliozidi robo karne. Fedha zilipungua, viongozi waligombana, wachezaji wazuri walihama. Katika miaka ya 2000 timu ilishuka daraja, ikarudi katika ligi kuu msimu wa 2009. Kombe la mwaka 2013 na lile la mwaka 2017 yalikuwa kama manyunyu katika kiangazi. Watoto waliozaliwa baada ya mwaka 1998 walikua, wakaoa, nao hawajapata kuiona timu yao ikichukua ligi kwa miaka hiyo yote. Lakini walivaa buluu, na Ingwe ilipocheza katika uwanja wa Bukhungu mjini Kakamega walikwenda na baba zao. Wala si wao peke yao. Mashemeji wao wa Gor Mahia walikaa bila ubingwa tangu 1995 mpaka 2013, na jukwaa la kijani halikuhama.

Je, watu hawa hubaki kwa sababu gani? Si kwa ajili ya kombe, maana kombe halikuwapo. Tunavyoona sisi, hubaki kwa sababu ile ile iliyowaleta baba zao. Uwanjani mtu hupata habari za nyumbani, hujua nani amefiwa na nani anatafutiwa kazi, na huimba kwa lugha ambayo hakupata kuisema wiki nzima. Timu ikifungwa, hasira ni ya watu wote pamoja, nayo huwa nyepesi kubebwa. Wahenga walisema, "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki."

Lakini hatutasema kweli yote tukiishia hapo. Tarehe 23 Oktoba 1910 haikuwa na uwanja wa namna hii. Tarehe 23 Oktoba 2010 ulikuwako, nao uliona msiba. Siku hiyo Gor Mahia na AFC Leopards walikutana katika uwanja wa Nyayo, watu wakasongamana langoni wakitaka kuingia, na watu 7 wakafariki kwa kukanyagwa. Hao walikwenda kushangilia, wakarudishwa nyumbani katika majeneza, na waliowalilia walikuwa mashemeji wa pande zote mbili. Tena ziko siku ambazo mawe yamerushwa na viti vimevunjwa kwa jina la mapenzi. Mapenzi ya watu wengi ni kama maji ya mto wakati wa masika: yasipochimbiwa mfereji, huvunja nyumba ya mwenyewe.

Basi funzo ni la pande mbili. Kwa mashabiki, na kwa sisi wanachama, uaminifu ni kubaki wakati hakuna sherehe, na kukemea ubaya wa upande wetu wenyewe. Kwa viongozi, kubaki kwa watu si ruhusa ya kulala. Mtu anayelipa kiingilio kwa miaka 25 bila kuona ubingwa anadai zaidi kuliko yule aliyekuja siku ya ushindi. Anadai lango pana na salama, hesabu zinazosomwa wazi, na kazi ifanywayo kwa bidii.

Na chama chetu nacho kina miaka yake ya ukame. Iko miaka ambayo mfuko hujaa, na iko ambayo hautoshi hata msiba mmoja. Tunawaomba wanachama watakapofika katika kurasa za hesabu, wayatazame majina ya waliolipa ada katika miezi migumu. Hao ndio jukwaa letu. Halmashauri ikiwasahau, hakuna ngoma itakayowarudisha.