Rangi ya unga: mafundi wa nyumbani waongezeka, mnunuzi akague kabla ya kupakia

Upakaji wa rangi ya unga kwenye vyuma, ambao kwa miaka mingi ulikuwa kazi ya viwanda, sasa hufanywa pia na watu binafsi katika gereji za nyumbani. Kwa wafanyabiashara wa rimu, mageti, viti na fremu za alumini, hali hiyo imeleta bei nafuu. Imeleta pia hatari ya kununua mali inayong'aa dukani na kubanduka ikifika kwa mteja.

Namna kazi inavyofanyika

Rangi hii haina thina. Ni unga mkavu unaopulizwa kwa bunduki inayoutia chaji ya umeme, na chuma kilichofungwa waya wa ethi huuvuta na kuushika. Kisha chuma huingizwa kwenye oveni, unga ukayeyuka na kuwa ngozi moja ngumu. Unga wa kawaida huiva chuma chenyewe kikiwa na nyuzijoto 180 hadi 200 kwa dakika 10 hadi 20.

Teknolojia hiyo ilianzia Ujerumani katika miaka ya 1950, Erwin Gemmer alipochovya vyuma vya moto ndani ya unga uliopeperushwa kwa hewa. Bunduki za umeme ziliingia viwandani katika miaka ya 1960. Nchini Marekani, kufikia miaka ya 2000, bunduki ndogo kama HotCoat ya kampuni ya Eastwood ziliwafikia wapenzi wa magari na pikipiki, ambao huoka vipuri katika oveni kuukuu za jikoni.

Bei inaposhuka

Kwa hesabu, kilo moja ya unga wenye uzito wa gramu 1.5 kwa sentimita moja ya ujazo, ukipakwa kwa unene wa maikroni 70, hufunika takriban mita za mraba 9.5 endapo haupotei. Kazi kubwa basi si unga, bali maandalizi: kuondoa grisi, kutoa kutu kwa kupiga mchanga, kuosha kwa dawa ya fosfeti na kukausha. Anayetaka kushusha bei hupunguzia hapo, na mnunuzi haoni.

Kosa jingine ni kuhesabu dakika tangu mlango wa oveni ulipofungwa. Chuma kinene huchelewa kupata moto kuliko hewa inayokizunguka, na rangi isiyoiva huonekana safi kwa macho.

Aina ya unga nayo ni muhimu. Epoksi hushika vizuri lakini juani hufifia na kutoa vumbi kama chaki, hivyo hufaa vitu vya ndani. Geti au rimu hutaka poliesta.

Ukaguzi

Mnunuzi aombe kipande cha mfano. Kikisuguliwa kwa kitambaa chenye kiyeyusho cha MEK na rangi ikatoka kwa wingi, haikuiva. Kikichanjwa mistari inayokatana, kisha utepe wa gundi ukabandikwa na kuvutwa, vijiraba havipaswi kung'oka.

Kwa wasafirishaji

Unga wenyewe huhifadhiwa pakavu, kwa kawaida chini ya nyuzijoto 25 hadi 30. Kontena lililoegeshwa juani likisubiri kuvuka mpaka laweza kupita nyuzijoto 50 ndani, na unga ukaganda mabonge. Katoni zisafiri usiku inapowezekana, mbali na bodi yenye joto.

Bidhaa zilizokwisha kupakwa zitenganishwe kwa maboksi au sponji. Mkwaruzo hauzibwi kwa unga kidogo. Kurejesha hali ya awali hulazimu kuivua rangi yote na kuoka upya.

Usalama

Oveni ya rangi isipikiwe tena chakula. Moto wa gesi ulio wazi haufai, kwa kuwa vumbi la unga likitanda hewani laweza kulipuka. Mpakaji avae barakoa ya vumbi, hasa unga ukiwa na kemikali ya TGIC, ambayo ni sumu.

Anayeagiza mzigo mkubwa aandikiwe kwenye ankara aina ya unga, unene na maandalizi yaliyofanywa. Bila maandishi hayo, hasara ya rangi kubanduka humwangukia aliyelipa.