Chuma cha Katumba, Kutoka Jembe Hadi Mikroni

Reli ilitutangulia Katumba, mkoani Katavi. Tawi la kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210 hivi, lilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya madini ya risasi ya kampuni ya Uruwira Minerals. Baada ya miaka kama kumi mgodi ulikuwa umefungwa, lakini treni ziliendelea kupita katikati ya miombo iliyokuwa na watu wachache mno. Mwaka 1973 msitu huo ukawa makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, kwa mpango wa serikali ya Tanzania na mashirika ya UNHCR na TCRS. Wazazi wangu walikuwa miongoni mwao.

Wageni walipewa chakula cha kuanzia na zana za kufyekea, kisha wakatakiwa kujilisha. Walijilisha kweli: mahindi, maharage, mihogo, baadaye tumbaku. Kila anayesimulia historia ya Katumba huanza na mazao hayo. Mimi naanza na jembe, kwa sababu ardhi yenye visiki vya miombo hula majembe haraka, na mtu wa kuyanoa, kuyanyoosha na kuyaunga alihitajika kabla ya mavuno ya kwanza. Baba yangu alikuwa mhunzi. Fuawe yake ilikuwa pande la chuma lisilo na umbo maalumu, mivukuto yake ya ngozi ya mbuzi, na malighafi yake springi za magari makuukuu. Springi ni chuma cha pua kizuri. Akiipasha moto, akiifua, kisha kuizamisha majini ikiwa na rangi aliyoitaka, ilitoa panga lisilopinda. Rangi hiyo aliitambua kivulini tu, hivyo kibanda chake kilikuwa na giza mchana kutwa.

Hakuwa wa kwanza kushughulikia chuma katika ukanda huu. Kusini mwetu, Ufipani, watu walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika tanuri ndefu za udongo, malungu, zilizozidi mita 3 kwenda juu. Tanuri hizo hazikuvukutwa. Urefu wake na matundu ya chini vilitosha kuvuta hewa, na mkaa ukawaka kwa siku kadhaa. Chuma kilichotoka kilikuwa bado na uchafu, kikasafishwa kwenye tanuri ndogo ya mivukuto iitwayo kintengwe, ndipo mhunzi akakifua. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameonyesha kwamba ukanda huu ulikuwa na zaidi ya aina moja ya uyeyushaji. Ule wa katukutu, kando ya Ziwa Tanganyika, ni tofauti kabisa na malungu. Ujuzi wa malungu ulizimwa katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, majembe ya viwanda vya ng'ambo yalipojaa madukani. Naiona hasara hiyo kuwa kubwa kuliko tunavyokiri.

Katumba ilikuwa na jambo lake jingine: kibali. Mkimbizi hakutoka nje ya makazi bila karatasi. Shafti ya mashine ya kusaga ikilika, mwenye mashine hakuweza kupanda treni siku hiyohiyo kuipeleka Tabora. Kwanza kibali, kisha safari, kisha kusubiri, na kina mama wakarudi kwenye kinu na mchi. Hapo ndipo ufundi wetu wa kuchonga vipuri ulipozaliwa. Mafundi walijaza shafti kwa kuchomelea, wakaipunguza kwa tupa, wakaitia beringi, wakaitoa, wakapiga tupa tena.

Mwaka huohuo wa 1973 ndipo ilipoundwa SIDO, shirika la viwanda vidogo, na baadaye taifa likawa na viwanda vya zana na mashine Mang'ula na Moshi. Kwetu mashine ya kukereza ilikuwa jambo la kusikia. Mimi niliiona Tabora, kwa mzee aliyestaafu karakana ya reli, na kwake nilijifunza kwamba tupa haiwezi kushinda hesabu. Shafti ya milimita 25 inayopaswa kuikaza beringi huruhusiwa kuzidi kipimo chake kwa mikroni 2 hadi 15, basi. Unywele wa kichwa una unene wa mikroni kama 70. Ikipungua, beringi inazunguka juu ya shafti na kuila. Ikizidi, beringi inapasuka au inachemka. Baba alikuwa na jicho la ajabu, lakini hakuna jicho la mtu linaloona tofauti ya mikroni 15. Kwa hiyo kipimo ndicho kinachotenganisha zama za baba na zangu.

Kilichotuletea chuma kisichoshika kutu, stenlesi kama tunavyoiita karakanani, ni asali. Misitu ya Katavi ina nyuki tangu zamani, na Mizengo Pinda, mtu wa mkoa huu, alipokuwa Waziri Mkuu aliuhimiza ufugaji wake nchi nzima. Asali ina asidi. Ikikaa kwenye chuma cha kawaida inageuka nyeusi na kuharibika ladha. Hivyo ekseli ya mashine ya kukamulia, bushi na koki zake vyote vinataka stenlesi.

Chuma hicho Harry Brearley alikipata Sheffield mwaka 1913 akitafuta mitutu ya bunduki isiyolika upesi, karibu wakati uleule Wajerumani wa Krupp walipochanganya kromiamu na nikeli. Kromiamu hujitengenezea utando mwembamba unaozuia kutu, na utando ukikwaruzwa hujirudisha. Kwa mkerezaji, kina tabia ngumu. Kisu kikisugua bila kukata, sehemu iliyosuguliwa inazidi kuwa ngumu, na mkato unaofuata unakivunja kisu. Joto nalo haliondoki. Linabaki kwenye ncha. Dawa yake ni mwendo wa pole, kisu kikali kinachoingia ndani bila kusita, na maji ya mafuta yasiyokatika. Umeme ukiyumba katikati ya mkato, na Mpanda iliishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, kazi ya asubuhi nzima inaharibika.

Mwaka 2014 watu wetu walianza kupokea vyeti vya uraia, na kibali kikaisha. Vijana wanafuata vyuma hadi Dar es Salaam bila kuulizwa karatasi. Nawataka waje na mikromita zao karakanani, na kabla hawajawasha mashine, wawaandike kwa majina wazee wa tupa waliobaki, kijiji kwa kijiji, pamoja na kila kipuri walichowahi kuchonga.