Kuvuta na Kuzuia: Historia ya Mzigo Mzito katika Nyanda za Kati za Tanzania

Nyanda za kati za Tanzania, zinazojumuisha mikoa ya Dodoma na Singida pamoja na kingo zake za upande wa Morogoro na Iringa, huonekana kwenye ramani kama uwanda mmoja mpana na mkavu, kiasi kwamba asiyewahi kuzipita huweza kudhani kwamba kusafirisha mzigo ndani yake ni suala la umbali tu. Ukweli ni kwamba uwanda huo, ambao sehemu yake kubwa iko kati ya mita 1,000 na 1,500 juu ya usawa wa bahari, umezungukwa na kukatwa na magenge, yaani kingo kali za ardhi ambazo nyingi zilitokana na kupasuka kwa ukoko wa dunia katika Bonde la Ufa. Mashariki kuna milima ya Rubeho na Ukaguru, ambayo kila anayetoka pwani hulazimika kuipanda au kuizunguka. Magharibi mwa mji wa Dodoma ardhi hushuka hadi kwenye ardhi oevu ya Bahi, kiasi cha mita 830, kisha hupanda genge la Saranda hadi Manyoni, kunakozidi mita 1,200. Na mbele zaidi, katika wilaya ya Iramba, mlima Sekenke huiteremsha barabara mamia ya mita hadi Shelui na bonde la Wembere. Uchukuzi katika nyanda hizi, tangu enzi za wapagazi hadi enzi za semi-tela, umeamuliwa kwenye kingo hizo, na karibu kila kizazi kilichagua chombo chake kwa kutazama nguvu za kuvuta, kikaja kugundua baadaye, mara nyingi kwa hasara ya mali na roho za watu, kwamba ardhi yenyewe ilikuwa ikidai sifa nyingine.

Katika karne ya 19 chombo cha uchukuzi kilikuwa bega la binadamu. Misafara iliyotoka Bagamoyo na Saadani kwenda Unyanyembe na Ujiji ilipita Mpwapwa, ikavuka Marenga Mkali, eneo lisilo na maji ya kunywa, kisha ikaingia Ugogo, ambako watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita na kutumia visima. Mpagazi, ambaye mara nyingi alikuwa Mnyamwezi, alibeba mzigo wa kilo 30 hivi juu ya chakula na vyombo vyake mwenyewe, na kwa kuvuka sehemu kavu misafara ilifuata utaratibu wa tirikeza, ambao ni kuanza safari mchana baada ya kunywa na kujaza vibuyu, kulala njiani bila kisima, na kufika kwenye maji siku ya pili. Mfumo huu ulikuwa wa kikatili kwa mwili, lakini uliifahamu nchi: binadamu hakuuawa na mbung'o upesi kama ng'ombe, alipanda genge kwa njia yoyote iliyotosha unyayo, na aliposhuka hakuwa na magurudumu ya kumponyoka.

Wageni walioona gharama za upagazi walitafuta kitu chenye nguvu zaidi. Mwaka 1876 Roger Price wa Chama cha Wamisionari cha London alijaribu njia ya ng'ombe kutoka Saadani hadi jirani na Mpwapwa, akaridhika kwamba mikokoteni ya kukokotwa na maksai, mfano wa ile iliyotumika kusini mwa Afrika, ingefaa. Msafara wa mwaka uliofuata ulianza safari kwa mikokoteni hiyo, ng'ombe wakafa njiani, na mizigo ikarudi mabegani. Mwaka 1879 ukafanyika mpango wa ajabu zaidi, pale Mfalme Leopold wa Ubelgiji alipogharamia tembo wanne waliofugwa India, ambao waliteremshwa pwani karibu na Dar es Salaam na kupelekwa bara kupitia Mpwapwa. Wanyama hao walivuka maeneo ya mbung'o vizuri kuliko ng'ombe, lakini walikufa mmoja baada ya mwingine, na mpango ukaishia hapo. Katika majaribio yote mawili nguvu za mnyama zilipimwa kwa makini, ilhali malisho, maji na maradhi ya njiani hayakupewa uzito uleule.

Reli ya Kati ilibadili kipimo cha mzigo kabisa. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, na njia waliyoichagua inaeleza mengi kuhusu nchi inamopita. Badala ya kuikabili Rubeho ana kwa ana, wahandisi walifuata mabonde ya mito ya Mkondoa na Kinyasungwe, kupitia Kilosa, Kidete na Gulwe, kwa sababu gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huvuta mzigo mkubwa kwa nguvu ndogo mahali tambarare, lakini msuguano huohuo mdogo hulifanya liteleze kwenye mwinuko. Hivyo mlima ulikwepwa kwa kukubali mto, na mto haujaacha kudai: mafuriko ya Kilosa hadi Gulwe yamekuwa yakikata reli tangu enzi za ukoloni, na yale yaliyoanza Desemba 2009 yalisimamisha usafiri kwa miezi. Upande wa magharibi hakukuwa na bonde la kufuata, ikabidi reli ipandishwe genge la Saranda kwa mizunguko mirefu.

Magari ya mizigo yaliingia nyanda za kati kwa wingi kwa mara ya kwanza kwa sababu ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jeshi la Jenerali van Deventer, aliyepigana upande wa Waingereza dhidi ya Wajerumani, liliiteka Kondoa Irangi mwezi Aprili 1916, likanaswa huko na mvua za masika huku malori na mikokoteni iliyopaswa kulilisha ikizama katika tope la njia ya kaskazini, na farasi wakiangamizwa na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Jeshi hilo liliingia Dodoma mwishoni mwa Julai. Wenyeji walichukuliwa kuwa wapagazi na mifugo yao ikatwaliwa na pande zote mbili, na njaa iliyofuata, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ni sehemu ya historia ya uchukuzi kama ilivyo sehemu ya historia ya kilimo, ingawa vitabu vya barabara na reli huiruka.

Baada ya vita Waingereza waliilinda reli dhidi ya ushindani, na katika miaka ya 1930 sheria zilibana malori yasibebe mizigo sambamba nayo. Matokeo yake ni kwamba barabara iliyopewa hadhi Dodoma ilikuwa ile ya kaskazini hadi kusini, inayotoka Arusha kupitia Kondoa na kwenda Iringa, sehemu ya ile iliyoitwa Barabara Kuu ya Kaskazini, ilhali njia ya mashariki hadi magharibi, ambako ndiko mzigo mwingi ulikokwenda, ilibaki nyuma kwa miongo mingi.

Somo lililo wazi kuliko yote lilitolewa Kongwa, mkoani Dodoma. Mpango wa karanga uliobuniwa mwaka 1946 na kuanza mwanzoni mwa 1947 ulikusudia kulima zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, ili kuipatia Uingereza mafuta ya kula, na kituo chake cha kwanza kilihudumiwa kutoka stesheni ya Msagali kwenye Reli ya Kati. Mashine zilichaguliwa kwa ukubwa: matrekta yaliyobaki katika maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, na baadaye vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta na kuitwa Shervick. Hakuna aliyeweza kulalamika kwamba vilikosa nguvu. Lakini udongo wa Kongwa una mchanga mkali uliosaga majembe na minyororo ya matrekta, nao ukikauka hugeuka mgumu kama saruji; mashine nyingi zilifika zikiwa zimechakaa, spea hazikulingana nazo, mafundi walikuwa wachache, na mafuriko ya 1947 yaliikata reli ambayo kila pipa la dizeli lilipaswa kupitia. Kabla mwaka huo haujaisha sehemu kubwa ya matrekta ilikuwa imesimama. Mpango ulifutwa Januari 1951 baada ya kugharimu takriban pauni milioni 36. Watanzania wengi hufundishwa habari hii kama hadithi ya mvua haba na karanga. Ni sahihi zaidi kuisoma pia kama hadithi ya mashine zilizonunuliwa kabla ya kuuliza zitafanya kazi wapi na nani atazitengeneza.

Uchukuzi wa tela nzito kama unavyofahamika leo ulizaliwa kutokana na siasa. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ililazimika kutafuta njia nyingine ya kupitishia shaba na mafuta, na mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya uchukuzi ya Zambia na Tanzania kwa ushirikiano na Waitaliano, ikitumia malori ya Fiat yaliyovuta tela. Njia yao kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ilikuwa ya vumbi na tope kwa sehemu kubwa, ikapata jina la Njia ya Jehanamu, na ilipita Kitonga, kwenye ukingo wa kusini wa nyanda za kati, ambako gari hupanda kutoka bonde la Ruaha kuelekea Iringa kwa kona zinazofuatana. Malori ya wakati huo yalikuwa na nguvu farasi zisizozidi 200 na injini zisizo na turbo, yaani zisizo na kifaa cha kusukumia hewa ndani ya silinda. Injini ya namna hiyo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa kuwa hewa huzidi kuwa nyepesi.

Turbo ilipoenea katika miaka ya 1970, wakati malori ya Scania yalipoanza kuunganishwa Kibaha, udhaifu huo wa kupanda ulipungua sana, na barabara ya lami kutoka Morogoro hadi Dodoma, iliyojengwa kwa mkopo wa Brazil baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu ya serikali Dodoma, iliwaleta wenye malori hadi katikati ya uwanda. Miaka mingi baadaye lami ikapanda Saranda na kushuka Sekenke, na mzigo wa Rwanda, Burundi na Kongo ukaifuata.

Hesabu ya mlima kwa lori la tela inastahili kuelezwa kwa ukaribu. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 kuhusu udhibiti wa uzito, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019, huruhusu gari lenye ekseli saba kufikia tani 56 pamoja na mzigo. Kwenye mwinuko wa asilimia sita, uzito huo huvutwa kurudi nyuma kwa nguvu inayolingana na tani tatu na ushei, na injini ya kisasa yenye nguvu farasi 400 huimudu kwa gia ya chini, hasa kichwa, yaani gari la mbele linalovuta, kikiwa na difu mbili zinazogawa msukumo kwenye ekseli mbili za nyuma badala ya moja inayoteleza. Injini ikishindwa, gari husimama, utingo huruka na gogo au jiwe la kukinga tairi, na safari huchelewa. Kushuka ni jambo jingine. Kila mita 200 za kimo ambazo tani 56 zinashuka hutoa nishati inayolingana na ile ya lita tatu za dizeli, na nishati hiyo, isipozuiwa na injini, huingia yote katika ngoma za breki kama joto. Ngoma hupata moto, hutanuka na kuachana na viatu vinavyozikandamiza, na dereva hukanyaga pedali isiyoshika. Ndiyo maana madereva wazoefu wa Sekenke huingiza gia ya kushukia kabla ya kuuanza mteremko, huiacha injini ishikilie uzito, na huzitunza breki za miguu kwa ajili ya kona. Naye anayeweka nyutro ili kuokoa mafuta huikataa breki pekee isiyochoka upesi. Tela nayo ina breki zake zinazoendeshwa kwa upepo kutoka kwenye kichwa, na zikiwa mbovu uzito wote wa nyuma hukisukuma kichwa, hukipita ubavuni na kukikunja katikati ya barabara.

Kwamba hatari ya kushindwa kuzuia huzidi ile ya kushindwa kuvuta kulithibitishwa na reli yenyewe, tarehe 24 Juni 2002. Treni ya abiria iliyobeba zaidi ya watu 1,200 ilipata hitilafu ya breki ikiwa imesimama kwenye mwinuko wa Igandu, mkoani Dodoma, ikaanza kurudi nyuma, ikakimbia takriban kilomita 20 bila kuzuilika na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Injini ya treni hiyo ilikuwa na uwezo wa kutosha kuipandisha.

Mmiliki wa lori anayenunua kichwa leo, kipya kutoka China au kilichotumika kutoka Ulaya, bado huanza kwa kuuliza nguvu farasi, na hilo linaeleweka, kwani mwendo wa kupanda huhesabika katika mapato ya kila mwezi. Tofauti kubwa zaidi kati ya kichwa na kichwa, hata hivyo, iko kwenye vifaa visivyotajwa sana sokoni: breki ya injini, ambayo huzuia hewa chafu au kubadili ufunguaji wa vali ili injini ivute kinyume, na ritada, ambayo hutumia mafuta yanayozungushwa kwa nguvu karibu na giaboksi kupunguza mwendo bila kugusa ngoma. Ritada huhitaji mafuta safi na mfumo mzuri wa kupooza maji, na inapoharibika gari huendelea kutembea kana kwamba hakuna kilichopungua, hivyo fedha za kuitengeneza huelekezwa kwenye tairi. Mizani ya Nala, Dodoma, na ya Njuki, Singida, hupima uzito wa kila ekseli. Kipimo cha uwezo wa gari kuuzuia uzito huo kwenye mteremko unaofuata hakifanyiki hapo.

Treni ya umeme ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024, imejengwa kwa ufahamu huo, kwa kuwa mota za injini za umeme huweza kugeuzwa kuwa breki wakati wa kushuka. Ujenzi wa kutoka Makutupora kuelekea Tabora na Isaka ungali unaendelea, na makontena ya nchi jirani yaliyo barabarani yanaendelea kupita Sekenke nyuma ya vichwa vya umri na hali tofauti, ambavyo vingi vilichaguliwa kwa kuzingatia jinsi vinavyopanda.